Kabla ya kununua betri nyingine ya gari, nunua multimita

Jumatatu moja, kabla ya saa kumi na moja alfajiri, kakangu alinipigia simu kutoka mahali anapoegesha gari mtaani Umoja, Nairobi. "Gari imekataa kuwaka tena," akasema. Neno lililoniuma ni lile la mwisho: tena.

Kakangu huendesha Vitz ya mtu, teksi ya kuitwa kwa programu ya simu. Kila Jumatatu jioni sharti mwenye gari apate pesa yake, gari liwe limewaka au limelala. Na kama umewahi kufanya kazi hiyo unajua kwamba abiria wa alfajiri, yule anayekimbilia uwanja wa ndege, ndiye anayelipia mafuta ya siku nzima. Ukimkosa huyo, wiki yako imeanza na deni.

Miezi mitano kabla ya simu hiyo, gari hilo hilo lilikuwa limekataa kushika. Fundi aliyeitwa alifungua boneti, akasikiliza stata ikilia ka-ka-ka, akapangusa mikono. "Boss, hii betri imeenda. Hapa ni kununua ingine tu." Kakangu akatoa Sh9,500. Baada ya miezi miwili ikawa vile vile. Safari hii akaambiwa kwamba betri za siku hizi ni feki, anunue ya kampuni nyingine. Akanunua. Hesabu ikawa Sh19,000, na sasa ilikuwa mara ya tatu.

Katika miezi hiyo yote, hakuna mtu hata mmoja aliyeipima betri. Haikupimwa kabla ya kununuliwa, haikupimwa baadaye. Simwiti fundi yule mwizi. Alikisia tu, na makisio yake tukayalipia sisi.

Ndiyo maana leo nasema hivi: kijana yeyote anayetegemea gari kupata riziki, liwe lake, la kukodi au la mjomba, awe na multimita yake mwenyewe. Mtaani wengi huiita testa. Na asinunue yoyote ile iliyo karibu, wala asidanganywe kwamba lazima avunje benki. Ajue anataka kupima nini, kisha achague kulingana na hilo.

Nambari zenyewe ni chache

Betri tunayoiita ya volti 12 si ya volti 12 kamili. Ndani yake kuna seli sita, kila moja ikitoa takriban volti 2.1. Kwa hivyo betri iliyojaa, ambayo imepumzika usiku kucha, husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki na kama robo tatu ya chaji. Ikisoma 12.2 ni nusu. Ikisoma 12.0 ni kama robo. Ikishuka chini ya 11.9, hesabu kwamba imeisha, hata kama taa za dashibodi bado zinawaka na redio inaimba.

Hebu rudia nambari hizo polepole. Kati ya betri iliyojaa na ile iliyobaki nusu kuna tofauti ya volti 0.4 pekee. Jicho haliwezi kuiona tofauti hiyo. Sikio haliwezi kuisikia kwenye stata. Kugusanisha waya mpaka cheche ziruke, kama wanavyofanya wengine, hakukuambii chochote, tena ni hatari kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, nayo hulipuka.

Kuna nambari nyingine mbili za kukariri. Injini ikiwa inanguruma, vichwa vya betri vinafaa kusoma kati ya volti 13.5 na 14.7 hivi. Hiyo ni altaneta inarudisha chaji. Ukiona imebaki 12.3 na inazidi kushuka huku injini inazunguka, usinunue betri: altaneta, mkanda wake au waya zake ndizo zenye shida. Ukiona imepita 15, altaneta inaichemsha betri, na hata ukiweka mpya leo itakufa mapema.

Nambari ya pili ni wakati wa kupiga stata. Volti hushuka ghafla, na hilo ni kawaida. Lakini zikiporomoka chini ya 9.6 ilhali betri ilikuwa imejaa, hapo ndipo una sababu ya kusema betri yenyewe imechoka.

Sasa chagua mita

Ukipita Luthuli Avenue utazikuta zimepangwa kama peremende. Kuna zile ndogo za manjano, kuna zenye mpira wa rangi, kuna zenye mdomo kama wa kaa. Muuzaji atakuuliza, "Unataka ya ngapi?" Usijibu swali hilo kwanza. Muulize haya.

La kwanza ni usomaji wa DC. Tafuta herufi V yenye mstari mnyoofu na vidoti chini yake. V yenye kiwimbi ni ya AC, umeme wa ukutani, wala haihusiani na betri ya gari. Kwenye mita ya kuzungusha kwa mkono, skeli unayoitaka ni 20. Hapo utasoma 12.43. Ukiweka kwenye 200 utasoma 12.4 tu, na ukiweka kwenye 2 itakuonyesha 1 peke yake, maana yake imeshindwa. Kwa anayeanza, mita inayojichagulia skeli yenyewe inapunguza makosa. Lakini hilo ni la starehe kuliko la lazima.

Je, mita ya bei nafuu inasema kweli? Wengi wetu tunadhani kitu cha bei ya chini ni takataka moja kwa moja. Piga hesabu. Mita nyingi za kawaida hutangaza kosa la asilimia 0.5 na tarakimu mbili za mwisho kwenye skeli hiyo. Kwa volti 12.60, hiyo ni kosa la kama volti 0.08. Ukikumbuka kwamba kati ya betri iliyojaa na ya robo tatu kuna volti 0.2, utaona kwamba mita hiyo, ikiwa kweli inatimiza inachotangaza, inatosha kabisa kwa kazi yetu. Ile ya maelfu ya pesa anayotumia mhandisi wa viwandani ni nzuri sana, lakini wewe unapima betri moja.

La pili ni waya na ncha zake. Hapa ndipo rahisi huvunja upishi. Waya nyembamba hukatika ndani bila wewe kuona, kisha nambari zinacheza na wewe unalaumu betri. Shika waya, ukunje karibu na ncha na karibu na plagi. Weka mita kwenye alama ya kulia, ile ya mlio, gusanisha ncha mbili na uzitikise. Mlio ukikatikakatika, rudisha. Na kama muuzaji ana waya zenye vibanio vya mamba, ongeza pesa kidogo uchukue. Utashukuru siku utakapokuwa peke yako, boneti imefunguliwa, na unahitaji kuketi kwenye usukani kupiga stata huku mita inasoma.

La tatu ni fyuzi. Mita nyingi zina tundu la 10A la kupimia mkondo. Soma maandishi yaliyo kando ya tundu hilo. Kwenye nyingi za bei ya chini yanasema wazi kwamba tundu hilo halina fyuzi. Betri ya gari ni ndogo kwa macho lakini inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mkupuo. Ukisahau waya kwenye tundu hilo na kugusa vichwa vyote viwili vya betri, bila fyuzi mita inayeyuka mkononi mwako. Kwangu mimi, fyuzi ndiyo sababu ya haki ya kulipa zaidi, kuliko kioo kinachong'aa. Zile alama za usalama za CAT II na CAT III zilizochapishwa mbele zina maana yake, lakini wino ni rahisi. Mita nyepesi kama sanduku la kiberiti inayojiita CAT III isikutie moyo wa simba.

La nne ni zile zenye mdomo wa kaa, zinazobana waya na kusoma mkondo bila kukata chochote. Zinavutia sana, na hapo vijana wengi wanaingizwa boksi. Nyingi za bei ya chini husoma mkondo wa AC peke yake. Ukibana waya wa betri itakusomea sifuri, nawe utaapa kwamba gari ni zima. Kama unataka ya kubana, hakikisha alama ya A ina mstari mnyoofu, si kiwimbi pekee.

La tano, kama mfuko unaruhusu, ni kitufe cha kushika kiwango cha chini kabisa. Stata hunguruma sekunde moja au mbili tu, na mita za kawaida hubadilisha nambari mara mbili tatu kwa sekunde. Ile ya chini kabisa itakupita hivi hivi. Kitufe hicho kinakuwekea.

Hayo mengine yote, kama vile kupima joto na transista, au tochi ya nyuma, yasikutoe senti. Ni mapambo kwa kazi yetu.

Na kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akupe betri mpya ya volti 9 uipime pale pale kwa mita mbili tofauti. Zikitofautiana sana, moja inadanganya. Ukifika nyumbani kumbuka pia kubadilisha betri ya ndani ya mita. Hii ni kejeli ya ajabu: betri ndogo ya mita ikichoka, mita inaweza kuonyesha volti nyingi kuliko zilizopo. Chombo cha kupimia betri kinakudanganya kwa sababu betri yake imeisha.

"Si hiyo ni kazi ya fundi?"

Najua kuna watakaosema hivyo. Nimeambiwa na rafiki zangu wenyewe: mimi ni dereva, kila mtu na kazi yake. Nakubali nusu. Sikuambii ufungue altaneta. Lakini mgonjwa anayejua joto lake la mwili hamnyang'anyi daktari kazi, anampa mahali pa kuanzia. Ukimpigia fundi na kumwambia, "Asubuhi ilikuwa 12.1, ikiwaka inapanda hadi 14.2, kisha nikiiacha siku moja inarudi 12.1," fundi mzuri atafurahi kwa sababu umemwokolea nusu saa. Fundi wa kubahatisha atanuna. Hapo umeshajua umpe nani kazi.

Kuna pia vile vidude vya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Ni vizuri kwa kuchungulia altaneta ukiwa njiani, lakini husoma kupitia waya za gari, si kwenye betri yenyewe, na haviwezi kupima kitu kingine chochote.

Na nisiifanye multimita kuwa mganga. Volti zinakuambia chaji iliyopo, hazikuambii uwezo uliobaki. Betri kuukuu inaweza kusoma 12.6 vizuri, kisha ukipiga stata inazirai. Kama jaribio la stata linakutia shaka, nenda kwa muuza betri mwenye mashine ya kupima nguvu ya kuwashia. Vilevile usipime dakika ile ile umezima injini, kwa sababu chaji ya juujuu itakupa nambari tamu isiyo ya kweli. Subiri saa kadhaa, au washa taa kubwa dakika mbili, zima, kisha pima baada ya dakika chache.

Beba mita hata siku ya kununua betri mpya. Ikisoma chini ya 12.4 dukani, imekaa rafuni muda mrefu. Omba nyingine. Hutakuwa umemkosea mtu.

Onyo moja kwa wenye magari ya haibridi, ambayo yamejaa barabarani siku hizi. Betri ndogo ya volti 12 unaweza kuipima kama nyingine. Lakini betri kubwa ya Toyota Aqua ni ya volti 144, na ya Prius tuliyoizoea ni zaidi ya volti 200. Waya zake ni za rangi ya chungwa. Ukiona rangi hiyo, rudisha mkono. Hapo kweli ni kazi ya fundi aliyesomea.

Betri tunazotupa zinaenda wapi?

Tunapotupa betri ambayo haijafa, hatupotezi pesa peke yake. Ndani ya betri ya gari kuna kilo kadhaa za risasi. Owino Uhuru, Mombasa, ni kijiji kilichokaa ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Watu wazima na watoto waliingiwa na risasi mwilini. Phyllis Omido, mama ambaye mwanawe aliugua, aliongoza vita hivyo na akatunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka wa 2015. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu.

Sisemi betri ya kakangu ilifika huko. Nasema kila betri tunayoibadilisha kwa kukisia inaongeza mzigo ambao mtu fulani, mahali fulani, anauyeyusha. Mara nyingi mtu huyo ni kijana kama wewe, bila glavu.

Tulichokipata

Turudi Umoja. Asubuhi ile tulimtafuta mzee mmoja fundi wa umeme wa gari. Hakugusa betri kwanza. Alipima: 11.8. Akalijampu gari, akapima tena: 14.1. "Altaneta iko sawa," akasema. Akaweka ncha moja juu ya kichwa cha betri na nyingine juu ya kibanio chake, akamwambia kakangu apige stata, kuona kama kutu inazuia umeme. Ilikuwa kidogo sana. Hapo pia sawa.

Kisha akazima kila kitu, akafungua kibanio cha upande hasi, akahamishia waya kwenye tundu la 10A, akaiunganisha mita katikati ya kibanio na betri. "Hapa usiguse stata hata kwa ndoto," akatuonya, "utaiunguza." Akangoja gari litulie. Gari lililolala linafaa kunywa kidogo sana, chini ya ampea 0.05 hivi. Letu lilikuwa linakunywa 0.6.

Alichomoa fyuzi moja moja huku akitazama kioo. Alipofika kwenye waya wa amplifaya ya besi, nambari ikaanguka hadi 0.02. Aliyeifunga alikuwa ameiunganisha moja kwa moja, haizimiki hata ufunguo ukitolewa.

Piga hesabu nasi. Kakangu hafanyi kazi Jumapili. Kutoka Jumamosi saa moja usiku hadi Jumatatu saa kumi na moja alfajiri ni saa 34. Zidisha kwa 0.6: zaidi ya ampea-saa 20, kutoka kwa betri ndogo yenye kama 35. Zaidi ya nusu ya betri ilikuwa inanyonywa kila wikendi. Na betri ya kuwashia gari haikuumbwa kukaushwa hivyo kila wiki. Ndiyo sababu mpya zilikuwa zikifa. Hazikuwa feki.

Kazi nzima ilichukua chini ya saa moja. Mzee alitutoza Sh1,000, na kakangu akamwongezea mia tano kwa furaha. Zile Sh19,000 hazikurudi. Mwenye gari hakumpunguzia hata senti Jumatatu hiyo jioni, na abiria wa uwanja wa ndege alishaondoka na gari la mtu mwingine.

Siku hizi mita yetu inakaa kwenye droo ya mbele ya gari, imefungwa kwa kitambaa ili waya zisikunjike. Kila Jumapili usiku kakangu hupima kabla ya kulala. Ikiwa 12.5 au zaidi, analala. Ikiwa chini ya hapo, anajua Jumatatu ina maneno, na bado ana usiku mzima wa kulishughulikia.